Mbwa mzee asipoinuka asubuhi

Chui alikuwa mbwa wa kienyeji wa miaka 13, mdomo umejaa mvi, mlinzi wa boma moja upande wa Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Jioni alikula ugali na matumbo, akalamba na sufuria. Asubuhi alikutwa kando ya ghala la mahindi ameanguka ubavu, miguu ikipiga hewa, shavu limelowa matapishi, kichwa kimepinda kushoto kana kwamba kuna mtu anamvuta sikio. Kila alipojaribu kusimama alibingirika upande uleule. Mwenyewe akampigia simu daktari wa mifugo.

"Daktari, Chui amepigwa na kiharusi. Nimeshamwita kijana aje achimbe shimo. Sitaki ateseke, amenitumikia siku nyingi."

"Pole sana, mzee. Kabla kijana hajaanza, mwinamie Chui umtazame machoni. Yametulia, ama yanacheza?"

Yalikuwa yanacheza. Yanateleza polepole kushoto, yanaruka kurudi kulia, yanateleza tena, kama macho ya abiria anayefuata nguzo za stima kupitia dirisha la matatu. Hiyo ni dalili ya mzunguko wa kichwa, na mara nyingi mbwa wa namna hiyo hupona. Shimo halikuchimbwa. Siku ya pili Chui alikunywa maji akiwa ameshikiliwa, siku ya tatu alisimama akiegemea ukuta, na siku ya tano alijipeleka mwenyewe nyuma ya ghala kukojoa.

Mbwa wazee wengi wa kwetu hupotea katika saa chache za kwanza, wala si kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Mwenyewe huona miguu haifanyi kazi, akasema ni uzee, au ni mgongo umevunjika, na uamuzi ukapita hapo hapo. Tatizo ni kwamba sura hudanganya. Yule anayetisha kwa kubingirika na kutapika mara nyingi ndiye atakayepona, na yule aliyelala kimya, anayepiga mkia kidogo akiitwa, huenda asifike saa sita mchana. Kuwatofautisha hakuhitaji mashine. Kunahitaji dakika kumi, macho, vidole na kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa.

Lakini kabla ya kumgusa, jiulize: ana chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu? Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014, lengo likiwa 2030, na bado uko miongoni mwetu. Watu wanajua kichaa cha kubweka na kung'ata. Kile cha kupooza hawakijui: mbwa anashindwa kumeza, taya la chini linaning'inia, udenda unatiririka, sauti inabadilika, miguu inalegea, naye ni mpole kabisa. Mtu humfungua kinywa akidhani amekwamwa na mfupa, na hapo mate yanaingia kwenye mkwaruzo wa kidole. Mbwa asiye na chanjo mwenye dalili hizo usimtie mkono kinywani kwa sababu yoyote. Mfungie mahali pamoja, piga simu. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mchubuko wa mwiba.

Ukishajiridhisha hapo, anza na ufizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka upauke, achia, hesabu. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana ufizi mweusi, na watu hukata tamaa hapo. Vuta kope la chini, utazame ngozi laini ya ndani. Ikiwa nyeupe kama karatasi, na mbwa ni mkubwa, tuseme German Shepherd wa miaka 10 ambaye jana alikuwa mzima, fikiria wengu. Mbwa wakubwa wazee huota uvimbe kwenye wengu bila dalili yoyote, na siku unapopasuka damu humwagikia tumboni. Miguu yake haina kosa, ila damu ya kuisukuma haipo. Tumbo huonekana limejaa, pumzi ni fupi, nyayo ni baridi. Huyo ni wa kupakiwa kwenye gari sasa hivi, si baada ya chai. Vivyo hivyo mbwa mwenye kifua kirefu anayejaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma: tumbo limejisokota, na muda wake unahesabiwa kwa saa.

Weupe wa ufizi pia ni alama ya kupe. Pima joto: paka kipimajoto mafuta ya Vaseline, kiingie njia ya haja kubwa sentimita mbili hivi, subiri kilie. Mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2. Akiwa na 40 au zaidi, ufizi umepauka au umekuwa wa manjano, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hiyo ni babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, mpaka ithibitike vinginevyo. Aina inayopatikana sana Afrika kusini mwa Sahara, Babesia rossi, ni kali kuliko ndugu zake wa Ulaya. Huvunja chembe nyekundu kwa kasi na mbwa hulegea miguu ndani ya siku moja au mbili. Kupe wenyewe huenda usiwaone ukipapasa mgongo tu. Tafuta katikati ya vidole, ndani ya masikio, kwenye kinena, chini ya mkia. Daktari hutazama tone la damu kwa hadubini, akachoma sindano ya imidokabu, ambayo kwa kawaida hurudiwa baada ya siku 14. Sindano hiyo huuma, na dakika chache baadaye mbwa anaweza kutoa udenda na kutapika. Ndiyo maana wengi hutanguliza atropini ili kuyazuia hayo. Ugonjwa wa pili wa kupe, erlikia, humaliza mbwa taratibu, na unaweza kujionyesha ghafla kwa kutokwa damu puani. Dawa yake ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, siku 28. Watu huacha siku ya sita kwa kuwa mbwa ameanza kubweka, na ugonjwa ukarudi. Dawa hiyo iende na chakula na maji nyuma yake, si na maziwa: maziwa huifunga isifyonzwe, na kidonge kikikwama kooni kikavu huchoma.

Sasa swali ambalo daktari asipouliza, mwambie mwenyewe: mbwa alipewa nini juzi? Nakuru na Kisumu, mbwa wengi hutibiwa kwa dawa za ng'ombe, na hapo ndipo miguu mingi inapopotea. Ivermektini, dawa ya minyoo, ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kwa ng'ombe kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 5 akichomwa "mililita moja tu" amepata mara kumi ya kiasi hicho. Huyumba, mboni zinapanuka, haoni, anazimia. Na hakuna dawa maalumu ya kuipinga, ni kumuuguza mpaka imalizike yenyewe. Amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe, ikichanganywa kwa kukisia humfanya mbwa alegee, asinzie, moyo upige polepole. Huyo mwogeshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, vaa glavu, kisha mpeleke, maana kwa hii daktari ana dawa ya kuipinga. Mbaya kuliko zote kwa miguu ni ile dawa ya nagana (ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o), unga wa manjano unaochanganywa na maji. Ni kweli inaua babesia. Lakini kwa mbwa nafasi kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha kuharibu ubongo ni ndogo sana, na inapochomwa tena kesho yake kwa sababu "hajapata nafuu vizuri", mbwa anaweza kuanza kuyumba na kukakamaa, na ikawa si kupe tena. Mpime uzito kabla ya sindano yoyote. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Dawa za maumivu za binadamu ziache kabatini. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, hasa mzee ambaye figo zimeshachoka. Kwa paka ni paracetamol: hata nusu ya kidonge yaweza kumwua, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja. Na jambo linalonisikitisha zaidi kwenye maduka ya agroveti ni sindano ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, inayochomwa kila mbwa aliyelala. Mbwa huinuka jioni, watu wakashangilia, na daktari akija kesho hawezi tena kutoa dawa salama ya maumivu, maana steroidi na dawa hizo zikikutana tumboni huleta vidonda vya kutoka damu.

Ikiwa macho yametulia, ufizi ni wa waridi, joto ni sawa, na hakupewa kitu, tazama miguu yenyewe. Msimamishe ukimshikilia chini ya tumbo. Chukua wayo wa nyuma, ugeuze ili mgongo wa wayo uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha umegeuka, habari hazifiki kutoka mguuni hadi kichwani, na tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Kisha bana kidole cha mguu, kwa nguvu, mpaka ufikie mfupa. Hapa wengi hukosea: mguu kujikunja si ushahidi kwamba anahisi. Ule ni mwitikio wa uti wenyewe, hutokea hata kamba ya habari ikiwa imekatika. Ushahidi ni kichwa: ageuke, alie, atake kukung'ata. Anayehisi ana matumaini mazuri. Asiyehisi kabisa, kila saa inayopita inamwondolea nafasi, na zikipita 48 bila upasuaji matumaini huwa madogo. Upasuaji wa uti haufanywi katika kila kliniki. Daktari wa Nakuru apige simu Nairobi mapema, ikiwemo kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Safari ni kilomita 160 hivi, na mbwa asafiri amelala juu ya ubao au mlango wa zamani, amefungwa kwa shuka mabegani na kiunoni asijipindue kwenye matuta.

Kwa uti kuna vitu viwili vinavyofanana na tiba zake ni kinyume. Cha kwanza ni diski iliyo kati ya pingili kutoka mahali pake. Mgongo umejikunja, tumbo limekaza, akiinuliwa analia, hataki kuinamia bakuli. Huyu dawa yake kubwa, kama bado anahisi na hajapooza kabisa, ni kufungiwa: wiki nne hadi sita katika kizimba chenye nafasi ya kusimama na kugeuka tu, anatoka kwa kamba kwenda haja na kurudi. Wiki ya pili dawa za maumivu zimemfurahisha, watoto wanamhurumia, wanamfungulia, anaruka kwenye kochi, na diski inamalizika kutoka. Cha pili ni kipande kidogo cha gegedu kinachoziba mshipa wa damu wa uti. Mbwa alikuwa anafukuza paka, akalia mara moja, akaanguka. Baada ya saa chache hana maumivu hata ukimbonyeza mgongo, na upande mmoja umelegea kuliko mwingine. Huyu hafungiwi. Anafanyishwa mazoezi tangu siku za mwanzo, na wengi huanza kurudisha nguvu ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana neno "mgongo" peke yake halitoshi kuanza tiba.

Kumuuguza ndiko kunakookoa au kuua, na hakuna anayekufundisha.

Godoro liwe la sponji la sentimita kumi hivi, lililovikwa turubai au nailoni nzito, juu yake blanketi unaloweza kufua kila siku. Gunia la mahindi peke yake huchubua. Mgeuze ubavu kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia. Weka kengele kwenye simu. Vidonda huanza pale mfupa unapogusa: nyonga, kiwiko, bega, kifundo. Kila jioni tenganisha manyoya utazame ngozi. Wekundu usioondoka ukibonyeza ni kidonda cha kesho. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni baridi kwa mbwa asiyeweza kujikunja. Chupa ya maji ya moto ni nzuri, lakini izungushie taulo na isiguse sehemu iliyopooza, kwa sababu ngozi isiyohisi huungua bila kulalamika. Kisumu shida ni nzi. Manyoya yaliyolowa mkojo huvuta nzi mchana, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Chandarua cha mtoto juu ya godoro kinatosha, na manyoya ya chini ya mkia yanyolewe.

Kibofu sasa. Mkojo ukidondoka matone si kwamba anakojoa. Mara nyingi kibofu kimejaa na kufurika, na misuli yake ikitanuka siku kadhaa huenda isirudi. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yake: viganja viwili bapa pande mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, unapapasa kitu cha mviringo kama chungwa lililoiva, unabana taratibu bila kuchoma kwa vidole, ukielekeza nyuma. Mara tatu au nne kwa siku. Ukikutana na ukaidi, hasa kwa dume, acha. Njia inaweza kuwa imeziba, na kibofu hupasuka. Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, paka Vaseline kidogo.

Maji ni takriban mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 ni lita moja. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi, kichwa juu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo. Ukimmiminia akiwa ubavu yanaingia mapafuni, na nimonia inamwua mbwa ambaye miguu yake ilikuwa inapona.

Kumtembeza, leso inashinda vifaa vingi vya kununua. Ikunje mara tatu kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya mapaja (kwa dume isibane uume), shika ncha mbili juu ya mgongo. Usimbebe: mwinulie uzito wa kutosha tu nyayo ziguse ardhi na zikumbuke. Dakika tano, mara nne kwa siku, kwenye nyasi. Sakafu ya vigae mtandikie mkeka au zulia kuukuu, kwa sababu mguu dhaifu ukiteleza mara moja mbwa hukataa kujaribu siku nzima. Kama anaburuta wayo, mvishe soksi nene iliyoshonewa kipande cha tyubu ya baiskeli chini, uivue usiku. Akiwa amelala, kunja na kunjua kila mguu kama anayeendesha baiskeli, mara kumi hadi kumi na tano, mara tatu kwa siku. Aliyetokwa na diski asubiri ruhusa ya daktari.

Wapo wasioinuka. Weka kalenda ukutani, kila jioni andika kama siku ilikuwa njema: alikula mwenyewe, alifurahi kumwona mtu, alilala bila kulia. Siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili mfululizo, zungumza na daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board kuhusu sindano ya kumlaza. Hupewa kwenye mshipa, na mbwa husinzia kichwa chake kikiwa mapajani pako. Sumu ya shambani, kamba, au kumwacha barabarani si njia ya kumuaga mnyama aliyekulinda.

Na kwa wa mzunguko wa kichwa kama Chui, kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana usiku wa kwanza. Chumba kitulie na taa iwake, maana giza humwondolea kitu pekee kinachomwambia wapi ni juu. Sindano ya kuzuia kutapika. Mito pande zote mbili. Masikio yatazamwe ndani, kwa kuwa usaha au kupe wa sikioni huleta dalili zilezile; na matone ya jentamaisini yasitiwe kabla daktari hajaona kama ngoma ya sikio ni nzima. Macho yakicheza juu na chini badala ya kushoto na kulia, au asipopata nafuu yoyote kwa siku tatu, tatizo laweza kuwa ndani ya ubongo, na hapo mambo ni mengine.

Kichwa cha Chui hakikunyooka tena kabisa. Bakuli lake liliwekwa juu ya tofali mbili, upande wa kulia wa mlango wa ghala, ili akiinama ukuta uwe upande wake wa kushoto, ule anaouangukia.